Ngumi ya Tope

1

Mashine ilisema ni rafiki. Iliandika hivyo kwa herufi za kijani, na chini ya herufi, kwa faida ya wavivu wa kusoma, ikachora shina la mpunga linalotabasamu.

Tusekile Mwalupindi aliutazama mchoro ule akasonya. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na minne katika maabara ya hospitali ya Bonde la Itumbilo, saba kati ya hiyo akiwa na Mtambuzi, mashine ndogo kama jokofu la chumbani iliyoweza kutaja jina la kijidudu kabla chai haijapoa. Alikuwa akiipenda, tuseme ukweli, maana ilimgeuzia kazi ya siku tatu ikawa ya dakika tatu. Lakini tabasamu la mpunga mbele ya damu ya mgonjwa lilimkera tangu siku ya kwanza, na leo lilimkera zaidi kwa sababu damu ilikuwa ya baba mkwe wake.

Mzee Asajile Mwalupindi alikuwa amelazwa kitanda cha saba, hatua arobaini kutoka maabara, na Tusekile hakuwa amewahi kumwona. Asicheke mtu. Katika ukoo wa Mwalupindi mke hamtazami baba wa mumewe, wala baba hamtazami mke wa mwanawe, na hata picha ya mzee ilishushwa ukutani siku Tusekile alipoingia nyumbani akiwa bibi harusi. Vijana wengi walikwisha kuitupa desturi hiyo pamoja na mengine waliyoyatupa. Mzee Asajile aliishika, na Tusekile, ukimbana sana, angekiri kwamba ilimpendeza. Kwa miaka kumi na mmoja walikaa boma moja wakisikilizana. Mzee alikohoa kabla ya kukata kona, na Tusekile akajibanza nyuma ya mlango mpaka ndara zipite. Na tangu Ipyana, mume wa mmoja na mwana wa mwingine, alipofariki miaka miwili iliyopita, kila asubuhi Tusekile alikuta mlangoni ndoo ya maji iliyofunikwa kwa jani la mgomba, ingawa bomba lilikuwa palepale uani. Hakuuliza nani aliyeichota, wala hakuna aliyejitaja.

Sasa mzee hakohoi kwa adabu tena. Anakohoa kwa ugonjwa, wiki ya sita hii, na mwili umepukutika. Kisukari alikuwa nacho zamani. Mapafu yana madoa, wengu na ini vina vijipu, na homa inapanda kila jioni. Amekunywa dawa za kifua kikuu mwezi mzima ingawa vipimo vya kifua kikuu vimesema hapana mara tatu. Na Mtambuzi, akiulizwa ni nini kinachoota kwenye chupa za damu yake, anacheka na kusema rafiki.

Rafiki huyo aliitwa Mrutubishi. Ni bakteria wa jamii ya Burkholderia, ukoo mkubwa wa vijidudu vya udongo na maji, na kama ukoo wowote una watu wema na una watu wa kufungiwa ndani wageni wanapokuja. Miaka ishirini nyuma, mbolea za viwandani zilipokoma kufika, wanasayansi walimchukua mpole mmoja wa ukoo huo wakamfundisha kuvuta naitrojeni hewani na kuilisha mizizi ya mpunga. Kila kaya ikapewa chungu chenye uji wa Mrutubishi hai, na kila msimu miche huchovywa humo kabla ya kupandikizwa. Bonde likashiba. Na kwa kuwa kila mtu ameingiza mkono chunguni, Mrutubishi yuko kwenye ngozi ya kila mtu, kwa hiyo akionekana kwenye chupa ya damu Mtambuzi hukisia kwamba aliingia na sindano, basi.

Mara moja, sawa. Lakini damu ya mzee ilitolewa mara mbili, mkono wa kulia na wa kushoto, saa sita zikipita katikati, na aliyeitoa ni Nesi Lugano, ambaye husugua ngozi ya mgonjwa kama anayesugua sufuria ya harusi. Chupa zote mbili ziliota. Tusekile alizishika moja kila mkono, akajiuliza ni ngozi gani hiyo ichafuke mara mbili kwa namna moja.

Akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka saba. Alivaa glavu mbili na barakoa, akawasha kabati la usalama linalovuta hewa ndani, akatandaza tone moja kwenye kioo na kulipaka rangi. Kisha akainama kwenye hadubini ya zamani iliyokuwa ikitumika kuzuia mlango usijifunge.

Vilikuwa vijiti vyekundu, vyembamba, vimekolea rangi kwenye ncha zote mbili na kupauka katikati, kama pini za kufungia nepi. Mrutubishi naye hufanana hivyo hivyo, kwa hiyo kioo peke yake hakikumwambia mengi. Lakini kilimkumbusha mhadhara mmoja wa chuoni, mchana wa joto, nusu ya darasa ikisinzia. Mhadhiri alisema Burkholderia pseudomallei huishi kwenye tope la mashamba ya mpunga, huingia kwa mchubuko au kwa pumzi, huweza kulala mwilini miaka kabla ya kuamka, na hujifanya kila ugonjwa isipokuwa wake wenyewe. Huwapenda wenye kisukari. Ugonjwa wenyewe unaitwa melioidosisi, na asiyepata dawa sahihi huzikwa akiwa na jina la ugonjwa mwingine.

Chuoni walifundishwa pia kwamba pua si kipimo. Wapo waliowahi kunusa sahani yake yenye harufu ya udongo uliolowa, wakalipia pua hiyo. Tusekile alibana pumzi ingawa alikuwa na barakoa na kabati lilikuwa likivuta. Alipanda kijidudu kwenye sahani ya zambarau, ile yenye dawa ya kuwazuia wengine wasiote, na kwenye kichupa chenye sukari ya arabinosi. Mrutubishi hula sukari hiyo na kukigeuza kichupa cha kijani kuwa cha njano. Binamu yake huyo wa topeni, pseudomallei, haigusi. Ndiyo tofauti yao iliyo rahisi kuiona, na Mtambuzi hakuwahi kufundishwa kuitazama. Waliomfundisha walimwonyesha alama za protini za Mrutubishi peke yake, kwa kuwa ndiye aliyekuwa amejaa bondeni, na mashine humtaja yule inayemfahamu.

Majibu yangechukua siku mbili mpaka nne. Mzee, kwa jinsi Lugano alivyomweleza, huenda asingezifikisha.

2

Kabati la dawa la wodi halikuwa na ufunguo. Lilifunguliwa na jibu la maabara. Ukiliambia kifua kikuu, lilitoa dawa za kifua kikuu. Ukiliambia rafiki, lilitoa ushauri wa kunywa maji mengi. Daktari alizunguka wodi kwa kioo cha video, akiwa mjini, wodi tisa kwa asubuhi moja, naye alifuata kabati.

Tusekile alisimama mbele ya kioo cha Mtambuzi akiwa na mambo mawili ya kuchagua. Kulikuwa na kitufe cha kupinga jibu. Angekibonyeza na kuandika jina la binamu, kabati lingetoa dawa, na wakati huohuo Sheria ya Vyungu ingeamka. Sheria ilikuwa fupi: binamu akionekana kwa mtu yeyote, vyungu vyote vya bonde vichemshwe mpaka vife, miche isichovywe msimu mzima, na kaya iliyotoa chungu kibaya itajwe redioni siku tatu, asubuhi na jioni. Hayo yote kwa tuhuma, kichupa hakijatoa hata jibu?

Njia ya pili ilikuwa nyepesi. Kuna bakteria mwingine, wa masikio na vidonda, anayetibiwa kwa sindano ileile, seftazidimu. Jina lake halimtishi mtu. Akaliandika hilo, akaweka kidole gumba chake kwenye kioo, na kabati likafunguka huko wodini bila ubishi.

Nesi Lugano alikuja mlangoni akiwa na kichupa cha dawa mkononi. Alitaka kujua tangu lini mzee ana sikio bovu. Tusekile akamwomba amchome tu, kila baada ya saa nane, bila kuruka, na Lugano, aliyemjua tangu wakivaa sare za shule, akamtazama kidogo kisha akaenda kuchoma.

Kwa siku tatu Tusekile aliishi na uongo wake vizuri kuliko alivyotarajia. Alijiambia kwamba umemwokoa mtu. Siku ya nne sahani ya zambarau ilikuwa imejaa madoa makavu, yaliyokunjamana, ya zambarau iliyokoza. Kichupa cha sukari kilikuwa kijani vilevile. Akatoa kwenye friji kitendanishi cha zamani, maji meupe yanayochanganywa na kijidudu kwenye kadi nyeusi na kukatika akiwa ni binamu, akayazungusha taratibu huku akihesabu. Kabla dakika haijaisha maji yalikatika vipande vipande, kama maziwa yaliyolala. Shaka haikubaki.

Alikaa kwenye kiti. Siku hiyohiyo homa ya mzee ilishuka kwa mara ya kwanza, Lugano akapita kumwambia kwamba ameomba uji na kulalamika kwamba hauna chumvi. Tusekile alicheka huku machozi yakimtoka, ndani ya barakoa, ambako hakuna awezaye kujifuta.

Kisha akafungua kasha la barafu.

Mtambuzi alikuwa na tabia moja njema: hakutupa kitu. Kila kijidudu alichokiita rafiki alikihifadhi kwenye kichupa chenye jina na tarehe. Ukiacha vya mzee, vilikuwa thelathini na kimoja kwa miaka mitatu. Tusekile aliviotesha vyote na kuvipitisha kwenye kadi nyeusi, kimoja kimoja, akimwambia Lugano kwamba anasafisha friji. Kumi na vinne vilikatika, na wenye damu hiyo wote walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Cha kumi na nne alikuwa amekiacha mwisho makusudi, kwa sababu alikuwa ameliona jina tangu mwanzo. Ipyana Mwalupindi. Mwanamume, miaka thelathini na tisa, kikohozi cha muda mrefu. Jibu la mashine: rafiki, uchafu wa ngozi. Na chini yake, katika nafasi ya mtaalamu aliyekubali jibu, ulikuwapo mstari mwembamba wa alama za kidole gumba.

Kidole kilikuwa chake mwenyewe. Alikumbuka asubuhi ile. Alikuwa na haraka ya kumpelekea Ipyana supu.

3

Siku ya sita alilazwa mwanamke aliyeitwa Sekela, mjamzito wa miezi saba, ana homa na jipu shingoni. Mtambuzi akatabasamu. Tusekile akaandika lile jina la masikio, akaweka kidole, na kabati likatoa dawa. Alikuwa ameanza kuzoea, na hilo lilimtisha.

Alikwenda mwenyewe kumtazama, jambo ambalo watu wa maabara hawana kawaida nalo. Akamuuliza habari za nyumbani na habari za shamba, halafu kama kwa kupitisha muda akamuuliza chungu chao kilitoka wapi. Sekela akaeleza kwa fahari. Bondeni watu hukumbuka nasaba za vyungu kuliko za ng'ombe. Chungu chao kilizaliwa na cha shangazi yake, cha shangazi kilizaliwa na cha Mzee Asajile, na kilikuwa na ngumi yake ndani.

Tusekile akauliza ngumi gani.

Sekela alimshangaa, mke wa kwa Mwalupindi asiyejua. Vyungu vya serikali vilipoanza kudhoofika, alisema, ni mzee aliyeviokoa. Alisema uji ule ni mgeni, haujui ni wa shamba la nani, ndiyo maana unakonda. Akachota ngumi moja ya tope kutoka shamba la babu yake, lile la kwanza kulimwa bondeni, akaitia chunguni. Chungu kikafura mpaka kikamwagika. Tangu hapo kila agawaye chungu hutia ngumi ya tope la kwao, mpokeaji akipenda ataongeza ya kwake, na ukikataa ngumi ya jirani umemtukana. Tusekile alikuwa ameviona vyungu vikifunikwa na kufunuliwa miaka yote hiyo. Hakuwahi kusimama karibu wakati wa kugawa, kwa kuwa mgawaji alikuwa baba mkwe wake na ilimpasa kujificha.

"Mwaka huu siku ya kugawa ni Alhamisi ijayo," Sekela alisema. "Wadogo zangu watatu wamekwisha kuandaa vyungu vyao. Wana homa kidogo tu, wanakunywa majani."

Tusekile aliwahi kulisikia lile la mficha maradhi kifo humuumbua likitumiwa kumsuta kila mtu isipokuwa msemaji. Alirudi maabara polepole. Angeweza kuandika uongo kwa Sekela, na kwa yeyote atakayefika hapa kwa miguu yake. Wadogo watatu wa Sekela wanakunywa majani, na uongo wake hauna miguu ya kuwafuata nyumbani. Alhamisi chungu cha mzee kitazaa vyungu arobaini vingine.

Kilichomzuia hakikuwa sheria. Bonde lingekosa msimu mmoja, ghala la wilaya lingefunguliwa, watu wangenung'unika na kuishi. Kilichomzuia kilikuwa kitanda cha saba. Mzee yule, aliyebeba ndoo kila alfajiri kwa miaka miwili ili asiyeweza kumtazama asiteseke, angesikia redioni kwamba ngumi yake ilikuwa na kifo. Na kama angeuliza zaidi, angejua ni kifo cha nani. Amwokoe kwa sindano, halafu amuue kwa habari?

Nje, mkokoteni unaojiendesha ulipita ukikusanya shuka. Hatimaye alifikiri juu ya mzee akiwa amepona, Alhamisi, amekaa kigodani, anakunja ngumi yake na kuizamisha chunguni kwa upendo. Hapo aliona kwamba kumwacha afanye hivyo bila kujua ndiyo dharau kubwa kuliko zote.

Alifuta majibu mawili ya uongo, na chini yake akaandika kwamba ni yeye aliyeyaandika. Leseni yake ingejadiliwa, na ijadiliwe. Kioo kikauliza: Mtaalamu anapinga jibu? Akabonyeza ndiyo, akaandika jina kamili la binamu, akaambatisha kumi na vinne vya kwenye barafu ili Mtambuzi ajifunze sura yake. Mpunga unaotabasamu ukatoweka. Mahali pake pakatokea saa inayohesabu kurudi nyuma, kwa kuwa sheria huipa kaya inayotajwa saa moja ya kuambiwa na mtu kabla ya kuambiwa na redio.

Redio ingetaja kaya tu. Majina ya waliokufa yangepelekwa kwa familia zao, nyumba kwa nyumba. Na jina la Ipyana lingeletwa kwa mjane wake, yaani yeye.

4

Walikuwa na namna yao ya kuzungumza, yeye na mzee, kwa siku zile adimu ambapo hapakuwa na mjumbe. Mzee alizungumza na chombo chochote kilichokuwa karibu, na Tusekile akajibu kutoka nyuma ya kitu. Leo kitu kilikuwa pazia la kijani la wodi, na alipogusa kitambaa chake na kukohoa kidogo, mzee alijua mara moja.

"Ewe kikombe," sauti ilisema, dhaifu lakini yenye utani wake uleule, "hebu mwambie mkwe wangu kwamba uji wa hospitali hii ni adhabu."

"Ugonile, tata," Tusekile alisema. Ni salamu ya kwao, ya kumuuliza baba kama amelala.

Mzee alimjibu kikombe kwamba amelala, na kwamba yule anayepika dawa huko maabara amempikia sawasawa. Tusekile aliegemea ukuta. Alikuwa amepanga aanzie wapi, na mpango wote ukamtoka, akaanza tu. Alimweleza kuhusu ndugu wawili wanaofanana, mmoja wa kulisha na mmoja wa kuua, na jinsi mashine ilivyofundishwa kumjua mmoja. Alimweleza kwamba yule wa pili hakuletwa na mtu. Alikuwa topeni tangu kabla ya babu wa mzee, akiishi kwa unyonge, mpaka akatiwa kwenye chungu chenye joto na chakula ambako hana wa kumzuia. Hakutamka ngumi ni ya nani.

"Kikombe," mzee alisema, "muulize kama ni ngumi yangu."

"Ni ngumi yako, tata. Redio itaitaja nyumba yetu saa sita. Niliyepeleka taarifa ni mimi. Sikutaka uisikie kutoka kwa mwingine."

Alisikia kitanda kikilia, mzee akijiinua. Alitarajia hasira, akaona angeiweza. Mzee hakukasirika. Aliuliza kama wagonjwa watapona, na Tusekile akamwambia watakaopata sindano mapema wengi watapona, halafu watakunywa vidonge miezi mitatu ili yule wa pili asirudi. Aliuliza kama Alhamisi imefutwa. Imefutwa. Akasema vema, basi watu waje kuchukua chungu chake kwanza, yeye mwenyewe atawaonyesha kilipo, asije mtu akakificha kwa kumwonea huruma. Wazee wana huruma mbaya, alisema. Tusekile alimsikia akihema, akadhani mazungumzo yamekwisha.

"Wangapi wamekwisha kuondoka?" mzee aliuliza. Safari hii hakumtaja kikombe.

"Kumi na wanne."

"Nitajie. Niliwapa kwa mkono wangu, niwajue kwa majina."

Tusekile akawataja. Alikuwa amewashika kichwani bila kukusudia, siku zote zile za kadi nyeusi. Baada ya kila jina aliacha nafasi, na katika kila nafasi mzee alisema neno dogo: huyu alikuwa fundi wa mifereji, yule alimwazima jembe, huyu mama yake bado yu hai, tutamwambiaje. Sauti yake ilizidi kuwa ndogo lakini haikukatika. Jina la kumi na tatu lilikuwa la msichana wa miaka kumi na tisa. Tusekile alilitaja, akanyamaza.

Upande wa pili wa wodi mtu alikuwa akicheka na jamaa zake.

"Umetaja kumi na watatu," mzee alisema.

"Ndiyo, tata."

"Nimegawa vyungu miaka tisa. Kuhesabu siwezi kukosea."

Angeweza kusema jina lolote. Bonde lina majina mengi, na mzee angelibeba hilo badala ya lile. Lilimjia hata moja la kufaa, la mtu wa mbali asiye na jamaa. Lakini alikuwa amechoka kuweka kidole chake kwenye vitu visivyo kweli.

"Wa kumi na nne ni Ipyana."

Tusekile akaendelea haraka, maneno yakigongana. "Damu yake ilipita mikononi mwangu, tata. Mashine ikasema rafiki, nami nikakubali, nikaweka kidole, nikaenda kupika supu. Dawa ilikuwa kabatini siku ile. Tope lilikuwa lako lakini kidole kilikuwa changu. Kama ni kumlaumu mtu, nilaumu na mimi. Usijilaumu peke yako, nakuomba."

Alilia waziwazi sasa, paji la uso likiwa ukutani, na hakujali nani anamwona. Kwa miaka miwili alikuwa amelia kwa kipimo, ili asisikike ng'ambo ya ua, na ng'ambo ya ua naye mtu alikuwa akifanya vilevile.

Miguu iligusa sakafu. Ilikuwa mizito, ikiburuta mrija wa dawa, na ikasimama karibu kabisa, upande wa pili wa kitambaa. Mzee hakukohoa ili ajifiche. Tusekile aliona vidole vikishika ukingo wa pazia, vidole vya mkulima, vyeusi kwenye kucha.

"Nisaidie kulivuta, mwanangu," mzee alisema. "Ipyana wetu, siwezi kumlilia peke yangu tena."

Walilivuta pamoja. Mwanzoni Tusekile aliinamisha macho, kwa mazoea ya miaka kumi na mmoja, kisha akayainua. Hakuwa amejua, na hakuna aliyewahi kuweza kumwambia, kwamba yale macho ya Ipyana aliyoyazika yalikuwa ya baba yake.